Mama, Ulikaa Chini Lini?

Alikuja zahanati kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Kichwa kinauma, shingo inakaza, moyo unakwenda mbio usiku, tumbo halitulii. Mara ya kwanza alikuwa amekwisha kununua dawa za malaria dukani na kuzimeza zote bila kupimwa. Mara ya pili jirani alimwambia hiyo ni taifodi, akatafuta na dawa za taifodi. Siku hiyo ya tatu tulimtoboa kidole, na kipimo cha malaria kikaonyesha hana kitu. Damu ilikuwa ya kutosha. Presha ilisoma 150 kwa 95. Tukamwacha apumzike kwenye benchi robo saa, tukapima tena, ikawa imeshuka kidogo tu.

Tukamwuliza, "Mama, jana ulikaa chini saa ngapi?"

Alicheka, akidhani ni utani. "Kukaa chini, nesi? Nilikaa wakati nachambua mchicha."

Tukamwambia mchicha hauhesabiki.

"Basi kwenye daladala," akasema, halafu akajikosoa mwenyewe. "Hapana, nilisimama."

Akafikiri tena, akatazama sakafu, na machozi yakaanza kumtoka. Hakuwa na msiba, wala hakuwa amegombana na mtu. Alikuwa amegundua tu kwamba hakumbuki ni lini alikaa bila kitu mikononi.

Hatutamtaja mama huyu, na tumebadilisha mambo madogo madogo ili asijulikane. Lakini akina mama wa namna yake tunawapokea kila wiki, na tukiwa wakweli, jioni tunapovua sare ya kazi humwona mwingine kwenye kioo.

KENGELE ISIYOZIMWA

Neno msongo wa mawazo siku hizi liko midomoni mwa kila mtu, hata mtoto wa darasa la tano atakuambia ana msongo. Ni vizuri tujue ni nini hasa kinachotokea mwilini, maana jambo hili si la mawazo peke yake.

Mwaka 1936 daktari mmoja aitwaye Hans Selye, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa akifanya utafiti Montreal nchini Kanada, aliandika kwamba wanyama aliowafanyia majaribio, yaani panya, walionyesha dalili za namna moja hata walipobanwa na mambo tofauti kabisa: baridi kali, jeraha, sumu, au kazi ya misuli iliyopita kiasi. Mwili ulikuwa na jibu lake moja kwa kila shida. Tangu hapo wataalamu wengi wamelichunguza jibu hilo, na leo linafundishwa katika kila chuo cha uuguzi.

Chukua mfano. Mtoto wako anachomoka mkononi na kukimbilia barabarani. Kabla hata hujafikiri, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini katika damu. Moyo unapiga haraka, presha inapanda, misuli inakaza, sukari inaongezeka katika damu, na tumbo linapunguza kazi yake ya kusaga chakula. Unamdaka mtoto. Homoni nyingine iitwayo kotisoli inasaidia kuuweka mwili tayari kwa muda. Baadaye, hatari ikishapita, mambo hurudi mahali pake na unabaki ukitetemeka magoti. Hiyo ni kengele nzuri ambayo Mungu ameiweka ndani yetu, na imewaokoa watoto wengi.

Taabu ni kwamba mwili hautofautishi sana kati ya gari linalokuja na ada ya shule isiyolipwa. Kengele inalia kwa ajili ya ada, inalia kwa ajili ya mkaa ulioisha, mgeni asiyetoa taarifa, homa ya mtoto, maneno ya mkubwa wa kazi. Ikilia kutwa na usiku kucha bila kuzimwa, ndipo usingizi unapokatika, shingo na mgongo vinapouma, tumbo linapojaa asidi, na mama anapoanza kusahau sufuria jikoni. Hasira nazo huja karibu sana, kama maziwa yanayotaka kufurika.

Hapa tunaomba tusieleweke vibaya. Tusikimbilie kusema kila kichwa kinachouma ni msongo, kama vile wengine wanavyokimbilia kusema ni malaria. Uchovu usioisha unaweza kuwa upungufu wa damu, kisukari, ugonjwa wa tezi ya shingo, au mimba ambayo mama hajaitambua. Presha ikisoma 140 kwa 90 au zaidi katika siku mbalimbali, hiyo ni presha ya juu na inahitaji kufuatiliwa na mganga, iwe imeletwa na mawazo au la. Kwa hiyo pima kwanza. Mama yule wa benchi naye tulimpa tarehe za kurudi kupimwa, hatukumwambia tu "nenda ukapumzike."

AMEKUJA MKALI AU AMEKUJA MZURI?

Tusije tukaonekana tunawafundisha wengine kama watu tusiokuwa na doa. Mwaka 2012 nyumba yetu ilikuwa na watoto watatu, wa mwisho akiwa na miaka mitano. Tulikuwa tukifanya zamu za usiku mfululizo kwa sababu wauguzi wawili walikuwa likizo ya uzazi. Mchana tulipika, tulifua, tulikwenda mazoezi ya kwaya, na tulikuwa katika kamati tatu za kanisa. Tulijivuna nayo hayo, tusidanganyane. Mtu akitwambia "mama, wewe ni chuma," tulicheka kwa furaha.

Asubuhi moja tulirudi kutoka zamu. Geti lilikuwa limelia, na kabla hatujaufikia mlango tukasikia sauti ya yule mdogo ndani ikimwuliza dada wa kazi, "Mama amekuja mkali au amekuja mzuri?" Kisha tukasikia nyayo zikikimbilia chumbani.

Tulisimama pale nje na mkoba mkononi. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumemchapa kwa kumwaga uji. Uji wenyewe haukujaa hata kikombe. Tulimchapa zaidi ya kosa lake, na tulijua wakati ule ule kwamba hatukuwa tunamchapa kwa ajili ya uji. Kule wodini, mgonjwa alipotapika kwenye sare yetu, tulimwambia "pole mama, si kitu." Nyumbani, uji nusu kikombe ukawa kosa la kuadhibiwa. Upole wote tuliwaachia watu wengine, tukamletea mtoto wetu makombo.

Tunasimulia haya kwa sababu akina mama wengi hufikiri mapumziko ni anasa, au ni ubinafsi. Husema, "Nitapumzika watoto wakikua." Lakini watoto wanakua sasa hivi, katika nyumba hii hii, na wanajifunza kusoma uso wetu kabla ya kujifunza kusoma daftari.

KAZI HAZIISHI

Kosa letu kubwa lilikuwa kungoja kazi ziishe ndipo tukae. Kazi za nyumbani haziishi. Vyombo vilivyooshwa saa mbili usiku vitakuwa vichafu saa moja asubuhi. Anayengoja sinki tupu ndipo akae, atakaa siku atakapolazwa hospitali.

Katika mikutano ya akina mama tumesikia mara nyingi habari za Martha na Mariamu, na kila mara Martha ndiye anayekaripiwa. (Wengine wetu hurudi nyumbani tukijiuliza chakula cha siku ile kilipikwa na nani.) Habari inayotufaa zaidi sisi wauguzi ni ile ya nabii Eliya katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Amechoka, amekata tamaa, ameketi chini ya mti akitaka afe. Malaika aliyetumwa kwake hakuanza na mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Maneno mazito yalikuja baadaye, na safari ikafuata. Muuguzi mzuri angefanya vivyo hivyo: chakula, maji, usingizi, kisha mazungumzo.

Na kwa kuwa tunasema ukweli, kanisa nalo hutuchosha. Jumapili ya mama wa kanisa huanza saa kumi na moja alfajiri na kuishia saa moja jioni, ikiwa na wageni wa kupikiwa na michango ya kukusanya katikati. Mwaka ule wa 2012 tulimwendea mama mchungaji tukamwomba atutoe katika kamati mbili kati ya zile tatu. Tuliogopa sana kwenda. Alitutazama, akasema, "Na mimi nani atanitoa?" Tukacheka wote wawili, lakini lilikuwa swali la kweli.

YANAYOSAIDIA

La kwanza ni pumzi. Halina gharama na halihitaji chumba. Vuta hewa polepole kwa pua ukihesabu hadi nne, tumbo likipanda, kisha itoe polepole zaidi ukihesabu hadi sita. Fanya hivyo kwa dakika tano. Siri iko katika kutoa. Tunapotoa hewa, neva kubwa iteremkayo kutoka ubongoni hadi moyoni na tumboni huuambia moyo upunguze mwendo. Ndiyo maana mtu aliyepona ajali husema "ahaa" kwa pumzi ndefu bila kufundishwa. Sisi hufanya hivi kituoni tukingoja daladala, na pia chooni, maana kwa nyumba yenye watoto wadogo hicho ndicho chumba pekee chenye komeo. Ukihisi kizunguzungu, acha kuhesabu na upumue kawaida.

La pili huwasaidia wale ambao hulala kitandani huku mwili bado uko sokoni. Daktari Edmund Jacobson wa Chicago aliliandikia kitabu mwaka 1929. Aliona kwamba mtu mwenye mashaka hukaza misuli bila kujua, na kwamba misuli ikilegezwa kweli kweli, mashaka nayo hupungua. Lala chali. Kunja vidole vya miguu na kaza nyayo kwa sekunde tano, kisha legeza ghafla na ukae nusu dakika ukisikia tofauti. Panda kwenye mapaja, kisha matako, tumbo, ngumi, mabega yakielekea masikioni, na mwisho uso: fumba macho kwa nguvu, kunja midomo, legeza. Usizuie pumzi. Aliyejifungua kwa upasuaji hivi karibuni, au mwenye jeraha, aruke sehemu hiyo. Mama mmoja wa kwaya yetu alituambia hajawahi kufika mabegani, usingizi humchukua akiwa mapajani. Hilo ndilo tulilolitaka.

Kuhusu usingizi wenyewe, mtu mzima anahitaji walau saa saba. Tunajua mama mwenye mtoto anayenyonya atatucheka, naye ana haki. Yeye alale mtoto anapolala mchana, na sakafu ingoje. Kwa wengine tuna ombi moja dogo, nalo ni chai na kahawa za jioni. Kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu mwilini, hivyo chai nzito ya saa mbili usiku bado inafanya kazi saa saba. Simu nayo iwekwe mbali na mto. Tumewaona akina mama wakizima taa saa nne, na saa sita bado wanasoma habari za ndoa za watu wasiowajua.

Jambo moja tulikemee bila kupepesa. Vidonge vya usingizi visinunuliwe dukani kwa ushauri wa shoga. Diazepamu na dawa za jamii yake humfanya mtu azitegemee katika majuma machache, na kuziacha ghafla kuna hatari. Pombe nayo, hata ile ndogo "ya kuondoa mawazo," humlaza mtu upesi na kumwamsha saa nane usiku akiwa na mawazo yale yale.

Kutembea ni dawa tunayoiamini sana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kwa juma. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Mama anayebeba ndoo za maji au kulima atasema amekwisha kupita kiasi hicho, na mwili wake kweli umefanya kazi. Lakini mama anayekaa dukani au ofisini kutwa anaweza kushuka kituo kimoja kabla na kumalizia kwa miguu. Sisi tulianza hivyo, na dakika zile ishirini zikawa ukuta kati ya wodi na nyumba. Tuliacha maiti, vilio na harufu ya dawa njiani, tukaingia getini tukiwa mtu mwingine.

GAWANYA MZIGO

Yote hayo ni bure ikiwa kazi ya watu watano inafanywa na mmoja. Hapa ndipo penye ugumu, kwa sababu wengi wetu tulilelewa tukiambiwa mwanamke mwema haketi.

Tulipotaka kusema na baba watoto, tulikosea mara mbili. Mara ya kwanza tulisema usiku tukiwa na hasira, naye akasikia hasira tu. Mara ya pili tulisema "nisaidie," neno lisilo na mipaka, akasema sawa na hakuna kilichotokea. Mara ya tatu tulingoja Jumamosi baada ya kula, tukamwambia, "Baba Neema, Jumanne na Alhamisi naomba chakula cha usiku na daftari za watoto viwe vyako, mimi nilale mapema." Alikubali. Alhamisi ya kwanza ugali ulikuwa mbichi katikati. Tuliula. Mama anayemnyang'anya mumewe mwiko kwa sababu ugali haukuiva vizuri, atabaki na mwiko huo maisha yake yote.

Watoto nao, wavulana kwa wasichana, waoshe vyombo, wafue soksi zao, watandike vitanda. Shuka halitanyooka kama unavyotaka. Liache lilivyo.

Kuna mama ambaye hana baba wa kumgawia kazi, na mwanawe mkubwa ana miaka minne. Huyu tusimwambie maneno matamu. Tulichokiona kikifanya kazi ni majirani wawili au watatu kubadilishana watoto kwa zamu: Jumamosi hii wote kwako hadi adhuhuri, Jumamosi ijayo wote kwangu. Asubuhi moja ya ukimya katika majuma mawili si nyingi, lakini kwa asiyekuwa nayo kabisa ni kubwa.

BENCHI LA KUZUNGUMZIA

Kule Harare, Zimbabwe, katika eneo la Mbare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi kumi na wanne, wahudumu wa afya wa jamii, namna ya kuwasikiliza watu wenye mawazo mengi. Walikaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Washona wana neno lao, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi, na bibi wale walilitumia hilo badala ya majina makubwa ya hospitali. Bibi humsikiliza mtu, humsaidia achague tatizo moja tu la kuanzia, na hupanga naye hatua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliowahusisha watu 573, ulionyesha kwamba waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Sisi hatuna mafunzo yale, lakini tuliazima wazo. Wanawake wanne hukaa nyuma ya kanisa Jumapili ya pili ya mwezi. Sheria ni mbili: mtu asikatizwe kwa ushauri hadi amalize, na lililosemwa lisitoke pale. Sheria ya kwanza ndiyo ngumu. Mama wa Kiswahili na ushauri!

Lakini kuna mizigo isiyo ya benchi. Ikiwa huzuni au kukosa hamu ya chochote kumekaa majuma mawili au zaidi, ikiwa umejifungua na humtaki mtoto, nenda kituo cha afya. Ikiwa yanakujia mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, nenda siku hiyo hiyo, usiende peke yako. Na ikiwa kinachokukosesha usingizi ni kipigo, hakuna pumzi ya kuhesabu itakayokiponya. Mwambie mtu unayemwamini, na ujue kwamba hapa Tanzania vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Mama yetu wa mwanzo alirudi kwa tarehe zake zote. Presha yake haikushuka kama tulivyotumaini. Siku ya tatu ilisoma 148 kwa 94, na mganga akamwanzishia dawa, ambazo anazimeza hadi leo. Shingo inauma kidogo kuliko zamani. Tukamwuliza tena lile swali letu.

"Saa kumi na moja jioni," akajibu upesi, kama mtoto aliyekariri. Ana kigoda nyuma ya nyumba, anakaa na kikombe cha maji dakika kumi, hachambui kitu. Siku ya kwanza watoto walisimama mlangoni wakimtazama bila kusema neno. Halafu yule wa mwisho akaingia ndani, akatoka na shuka, akamfunika mabegani. Alidhani mama anaumwa.